Pikipiki ya Shambani Ikitaka Kuingia Barabarani

Katika mashamba ya majani chai ya Othaya, ya kahawa ya Mathira na Mukurwe-ini, na katika ranchi kutoka Kieni hadi Nanyuki, ziko pikipiki ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya lami. Ni nyepesi, zina springi ndefu na tairi zenye meno makubwa, na nyingi hazina taa, honi wala vioo. Nyingine zilinunuliwa kwa mashindano ya matope. Kazi ya shambani zinaiweza. Shida huanza mwenyewe anapotoka nazo langoni.

Barabara ni ipi?

Wengi hudhani kwamba sheria huanzia kwenye lami. Sivyo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inahesabu pia kuwa barabara njia yoyote ambayo magari yanaweza kupita na umma huitumia, hata ikiwa ni njia ya miguu. Kwa hivyo njia ya udongo inayokwenda kwenye kituo cha kununulia majani chai ni barabara, sawa na ile ya Nyeri kwenda Karatina.

Nani anayesajili?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa serikali ya kitaifa masuala ya trafiki barabarani. Kaunti imepewa barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma. Usajili wa pikipiki ni kazi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA. Risiti ya maegesho au nafasi kwenye steji ya bodaboda haichukui nafasi ya cheti cha usajili, kile ambacho wengi hukiita logibuku.

Hatua ya kwanza: karatasi

Kosa la kawaida ni kuanzia kwa fundi. Fedha huisha kwenye taa na rangi, kisha inagunduliwa kwamba pikipiki haiwezi kusajiliwa.

Ikiwa pikipiki iliwahi kusajiliwa kisha ikavuliwa vifaa ili ifanye kazi shambani, njia ni fupi: irudishiwe vifaa vyake, na kama injini au rangi imebadilishwa, NTSA ijulishwe ili rekodi zilingane na chombo chenyewe.

Ikiwa haijawahi kusajiliwa, mwenyewe anahitaji kuonyesha ilivyoingia nchini: stakabadhi za ununuzi na hati za forodha za KRA. Nambari ya fremu na ya injini lazima zifanane na zilizo kwenye karatasi. Nambari iliyokwaruzwa au kupigwa upya ni sababu ya kutonunua kabisa.

Hatua ya pili: vifaa

Fundi na mwenye pikipiki wakague haya pamoja:

- Taa ya mbele yenye mwanga wa juu na wa chini, taa nyekundu ya nyuma na taa ya breki.
- Indiketa, honi, vioo na kiakisi-mwanga cha nyuma.
- Breki za mbele na nyuma zinazoshika vyema.
- Mahali pa kufungia bamba la nambari lionekane.
- Ekzosi yenye kizuia sauti. Kelele za kupita kiasi zinadhibitiwa na Kanuni za mwaka wa 2009 chini ya sheria ya mazingira.

Umeme usipuuzwe. Pikipiki nyingi za mashindano huzalisha umeme wa kuwasha injini tu. Taa zikiongezwa bila kuimarisha mfumo huo na kuweka betri, zitafifia pikipiki inapopunguza mwendo, yaani pale kwenye kona na makutano zinapohitajika zaidi. Tairi nazo zibadilishwe: meno makubwa hushika matope, lakini kwenye lami yenye maji ni sehemu ndogo tu ya mpira inayogusa barabara, na pikipiki huteleza mtu akifunga breki.

Hatua ya tatu: usajili, bima na leseni

Maombi hufanywa kwa NTSA kupitia eCitizen. Bamba la nambari ya pikipiki huanza na herufi KM. Bima ya kufidia watu wengine ni ya lazima chini ya Sura ya 405. Leseni ya pikipiki ya kawaida ni daraja A2. Anayebeba abiria kwa malipo anahitaji A3, na bima yake iseme hivyo. Kifungu cha 103B cha Sheria ya Trafiki kinataka mwendeshaji na abiria wavae helmeti na jaketi yenye viakisi-mwanga, na abiria awe mmoja tu.

Kwa nini kujisumbua?

Chukua mfano wa kijana anayepeleka maziwa alfajiri ya Julai, ukungu umetanda, pikipiki haina taa wala nambari. Anamgonga mtoto anayekwenda shule. Hakuna bima, kwa hivyo hakuna kampuni ya kulipa. Bili ya hospitali inakuwa mzigo wa familia ya mtoto, na fidia inamfuata kijana mwenyewe. Ng'ombe aliyekuwa akitoa maziwa hayo huenda akawa wa kwanza kuuzwa.

Maswali ya kujadili nyumbani au kwenye steji

1. Je, njia kutoka kwako hadi kituo cha maziwa ni barabara kisheria?
2. Nambari ya fremu ya pikipiki yako inafanana na ile ya logibuku?
3. Bima yako inataja kazi ambayo pikipiki inafanya kweli?

Jibu la swali lolote likiwa la mashaka, pikipiki ibaki shambani hadi jambo hilo litengenezwe.