SOMO KWA WANANCHI: MAONYO YA TABIANCHI YAPIMWE VIPI?

Maonyo juu ya mabadiliko ya tabianchi ni mengi, na baadhi yake yanatisha. Wapo wayaaminio yote, na wapo wayapuuzao yote. Njia iliyo sawa ni kutenganisha mambo mawili yaliyomo ndani ya onyo: mwelekeo na tarehe.

Mfano wa wazi ni barafu ya Mlima Kilimanjaro. Mwaka 2002 wataalamu walikadiria kuwa ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Muda huo umepita na barafu ingalipo. Hata hivyo, zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu lililokuwapo mwaka 1912 imekwisha toweka. Tarehe haikusadifu, lakini mwelekeo ulikuwa sahihi. Mwenye kuukataa mwelekeo kwa kosa la tarehe ni kama mgonjwa akataaye dawa kwa kuwa tabibu alikosea siku ya homa kupanda.

Umuhimu wa jambo hili huonekana wilayani Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Katika vilima vya Pugu ndiko uanziako Mto Msimbazi, upitao Dar es Salaam hadi baharini. Desemba 2011 mvua kubwa zilileta mafuriko jijini humo, na watu zaidi ya 40 walifariki. Wataalamu wameeleza kuwa hewa yenye joto zaidi hubeba mvuke mwingi zaidi, hivyo mvua kubwa huzidi ukali. Siku yake hakuna awezaye kuitaja miaka mingi kabla. Misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi, ambayo hupunguza kasi ya maji yashukayo vilimani, nayo imekuwa ikikatwa kwa ajili ya mkaa. Kuilinda hakuhitaji kungoja tarehe: mafuriko yakija, misitu ni kinga; yasipokuja, manufaa yake mengine hubaki. Visiwani, mikoko ina kazi kama hiyo mbele ya mawimbi, kwani usawa wa bahari duniani ulipanda kiasi cha sentimita 20 kati ya 1901 na 2018.

Hivyo basi, wananchi na watumishi wa Serikali wasikiapo onyo, waulize limetoka kwa nani, linategemea vipimo gani, na kinga yake ina gharama gani ikilinganishwa na madhara. Lisilo na vipimo lisisambazwe. Lenye vipimo lishughulikiwe mapema. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakutaja saa ya kunyesha.