Usimtumie Mumeo Mwanamke Asiyekuwepo

*Shangazi, mimi ni mama wa watoto watatu, nauza nguo za mitumba soko la Kongowea. Mume wangu ni mlinzi Doha, huja likizo kila baada ya miaka miwili. Mwezi ujao tunatimiza miaka kumi na miwili ya ndoa. Shoga yangu alipigwa zile picha za chumbani, za nguo za kulalia, akamzawadia mumewe, nami nikatamani. Nimepata mpiga picha Nyali na nimeshatanguliza nusu ya pesa. Nivae nini? Nijitayarishe vipi? Huchukua muda gani? Na nikiona haya je? Ameniambia kitambi na mshono wa operesheni ataviondoa kwenye kompyuta, nikafurahi sana. Nazitaka kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu mume wangu akipiga simu ya video mimi huzima kamera, namwambia mtandao wa huku ni mbovu, na sasa ameanza kulalamika.*
*Mama Watatu, Kongowea (barua imefupishwa)*

Mwanangu, maswali yako manne nitayajibu yote kabla hatujaachana. Lakini lililokufanya ushike kalamu hukuliuliza. Umelitupia mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja homa yake akiwa tayari ameshika mlango kutoka kwa daktari.

Mtandao wa Kongowea ni mbovu! Wenye vitunguu na nyanya wanapokea M-Pesa tangu alfajiri, vijana wa tuktuk wanatazama mpira kwenye simu wakingoja abiria, na wewe peke yako ndiye mtandao umekukimbia, tena saa ile ile mumeo anapotaka kukuona. Hukunieleza umeanza lini. Ila mwanamume aliye mbali huvumilia mengi kabla ya kulalamika, kwa hivyo nadhani si jana.

Basi tuseme ukweli. Picha hizi si zawadi ya ndoa. Unataka kumziba mdomo. Analalamika kwamba hakuoni, nawe unatafuta kitu cha kumtazamisha ili asiendelee kuuliza. Na umefurahi, umesema mwenyewe, ulipoambiwa kwamba kompyuta itafuta tumbo lililobeba watoto watatu, na mshono aliopitia mmoja wao kuja duniani. Mtoto huyo ana baba, naye ndiye unayemficha mshono.

Ukimtumia picha ya tumbo bapa, utakuwa umemtumia mwanamke asiyekuwepo. Atamtazama, atampenda, atamhesabia siku. Kisha atatua uwanja wa ndege wa Moi, apande gari mpaka Kongowea, aingie ndani akimtafuta yule. Siku hiyo utazima nini? Taa?

Wanaonisoma wanajua msimamo wangu kuhusu ndoa za Ghuba, na leo sitaubadilisha. Pwani hii imejaa nyumba ambazo pesa hupita kwenye simu bila shida, lakini nyuso hazipiti. Mke anaficha unene, deni la chama, shinikizo la damu. Mume anaficha kwamba wanalala chumba kimoja watu sita, kwamba mshahara umechelewa, kwamba nywele zimemtoka. Kila mmoja anamtumia mwenzake kilicho bora tu, akidhani huko ndiko kupendana. Halafu likizo inafika. Wiki ya kwanza mnaoneana haya kama wageni, ya pili mnagombana kuhusu mambo ambayo mngeyamaliza kwa simu, ya tatu mnapatana, na ya nne anafunga begi. Ndoa ya mbali haiuawi na umbali peke yake. Inauawa na adabu hii ya uongo, kila mtu kumwonyesha mwenzake dirisha la mbele tu.

Na wewe, mwanangu, kuna jambo jingine linaloniuma. Kutwa nzima unasimama sokoni unafungua marobota, unamwambia mteja ukweli kuhusu blauzi: hii ina doa, hii imefumuka hapa kidogo, lakini kitambaa chake ni kizuri, chukua. Biashara yako inasimama kwa ukweli huo. Kwa nini mwili wako mwenyewe unauuza kwa kuficha?

Usinielewe vibaya. Sikukatazi picha. Wanawake wa Mombasa hawakuanza leo kujipamba mbele ya kamera. Kuanzia miaka ya 1940 watu wa mji huu walikuwa wakienda kwa mpiga picha N. V. Parekh, kwenye studio yake, wakivaa walivyotaka waonekane. Miaka ya 1990, kandokando ya feri ya Likoni kulikuwa na vibanda vya picha vyenye mapazia yaliyochorwa meli na ndege. Ukisimama mbele yake, umesafiri. Pazia lilidanganya na kila mtu alijua. Lakini aliyesimama mbele ya meli ile ya rangi alikuwa ni wewe, na kitambi chako, na kovu lako la shavuni.

Wala uzuri wa mwanamke kuonyeshwa faraghani si jambo geni kwetu. Nenda kwenye kupamba yoyote ya harusi: mabuibui yanavuliwa, dhahabu inang'aa, nguo ni za kukata na shoka, na mlangoni wanawake wanakagua mikoba simu isiingie. Ustaarabu wetu haukukataza mwanamke kung'aa. Ulisisitiza tu ajue ni nani aliyemo chumbani.

Wapo watakaokuambia uende jimu kwanza, na wapo watakaokuambia ni dhambi hata kwa mume. La kwanza hiari yako, la pili muulize kiongozi wa dini yako. Mimi nakujibu uliyoniuliza.

Hukunieleza kama mpiga picha wako ni mwanamume au mwanamke. Akiwa mwanamume, tafuta mwanamke. Wapo, na wanaopiga picha za kupamba wameshazoea kutunza siri za watu. Kabla ya siku yenyewe nenda ukaone mahali: mlango unafungika? Dirisha lina pazia? Pa kubadilishia nguo ni wapi, na nani mwingine anaingia? Nenda na shoga yako akae humo ndani. Mpiga picha anayekataa uje na mtu, mdai pesa zako uondoke. Na akitaka ukae mkao fulani, akuonyeshe kwa mwili wake mwenyewe. Mkono wake hauna kazi kwenye mwili wako.

Muda ni kama saa moja na nusu hadi mbili, ukiacha wa kupambwa. Haya utaziona, tena sana. Dakika za mwanzo mabega yatapanda mpaka masikioni na tabasamu litakuwa la kitambulisho. Usife moyo, picha za mwanzo hutupwa, na mpiga picha mzuri analijua hilo. Toa pumzi, legeza taya. Mikono ndiyo inayosumbua, kwa hivyo ipe kazi: ishike ncha ya leso, ifunge kipuli, itengeneze nywele. Omba uonyeshwe chache kwenye kamera katikati ya kazi. Wengi hapo ndipo wanapotulia. Kesho yake mgongo na shingo vitauma, maana mikao inayoonekana ya raha kwenye picha ndiyo inayochosha kuliko yote.

Nguo, usinunue mpya ya kukubana. Beba tatu au nne: ya kulalia uliyoizoea, jozi ya leso unayoipenda, na shati au kikoi cha mumeo alichokiacha. Asubuhi hiyo toka na deraa pana, bila sidiria wala kitu chenye mpira wa kubana, kwa sababu alama za mpira hukaa kwenye ngozi kwa saa nzima na kamera inaziona zote. Hina ipakwe siku mbili tatu kabla. Piko ukiiona nyeusi ajabu na inawasha, ioshe upesi. Huenda ina rangi ya nywele, nayo si ya ngozi. Mafuta mapya usiyajaribu siku hiyo. Na ule kwanza.

Kuhusu kompyuta: chunusi iliyotoka jana afute, wiki ijayo isingekuwepo. Mshono aache. Mwambie hivyo kabla hajaanza, na umwandikie.

Tena andikianeni kila kitu. Nani anabaki na picha, zitafutwa lini kwenye kamera na kompyuta yake, na kwamba hata moja haitawekwa kwenye kurasa zake kutangaza biashara. Sheria iko upande wako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa yako, na inakuruhusu kuiondoa hata baada ya kuitoa. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini, na huyo alikuwa amevaa nguo zake zote. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 kinasema anayesambaza picha za siri za mtu anaweza kutozwa faini hadi shilingi 200,000, au kufungwa hadi miaka miwili, au vyote viwili. Lakini sheria humwadhibu mtu picha zikiwa zimeshatembea, kuzirudisha haiwezi.

Kwa sababu hiyo usizitume kwa simu. Wengi huko Doha hulala chumba kimoja na wenzao, simu ya mumeo ina mahali pa kuhifadhi picha ambapo hata yeye hapajui, na nchi za Ghuba zina sheria kali kuhusu picha za utupu. Usimtafutie matatizo kazini. Zichapishwe kwenye kitabu kidogo, ukifungie kabatini, ufunguo uwe nao wewe. Atakifungua akija.

Umeona? Ukifanya hivyo, ile haraka ya mwisho wa mwezi imekufa. Mwombe mpiga picha asogeze tarehe, pesa yako isipotee. Kwa sababu kabla ya kamera ya Nyali, kuna kamera ya simu yako. Usiku huu akipiga, iwashe. Usipake poda wala usibadili nguo. Kaa hivyo ulivyotoka sokoni, na jasho lako. Umwambie hivi: "Mume wangu, mtandao haukuwa na shida. Nilikuwa naona haya mwili wangu." Halafu unyamaze. Usiruke kujitetea. Mwache amalize anachotaka kusema, na umuulize naye anaficha nini. Nakuhakikishia kipo.

Ukishavuka hapo, nenda Nyali ukapigwe picha zako na kitambi chako, ujifurahie, na kwanza zikupendeze wewe uliyezilipia kwa jasho la mitumba.

Na akikucheka? Basi niandikie tena, tena usichelewe. Ila barua hiyo anwani yake itakuwa ya Doha, na huyo nitakayemjibu simwiti mwanangu.