Wimbo Wako ni Mali Yako: Soma Kabla ya Kutia Sahihi

Somo letu la leo ni juu ya mali isiyoshikika kwa mkono.

Mtu akivuna mahindi yako usiku bila ruhusa, iwe Laela, Matai au Namanyere, kijiji kizima kitasema huyo ni mwizi. Akichukua ng'ombe wako wa kulimia, watu watafuata nyayo mpaka wampate. Lakini mtu akichukua wimbo uliotunga, akaurekodi na kuuza, wengi watasema: "Ah, wimbo tu! Si bado unao kichwani?"

Ni kweli, bado unao. Jembe likiibiwa, huna jembe tena. Wimbo ukichukuliwa, unabaki nao. Ndiyo maana watu hawauoni wizi huo. Lakini faida ya wimbo imekwenda kwa mwingine, na pengine hata jina lako limefutwa. Basi tusome pole pole tuone sheria inasema nini.

HAKIMILIKI NI NINI?

Hakimiliki ni haki ya mtu juu ya kazi aliyoitunga kwa akili yake. Nchini Tanzania haki hiyo inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999. Kabla yake palikuwa na sheria ya mwaka 1966.

Kazi zinazolindwa ni nyingi: wimbo, shairi, hadithi uliyoibuni mwenyewe, kitabu, mchezo wa kuigiza, picha ya kuchora, picha ya kamera, kinyago na filamu. Hata programu za kompyuta zimo. Programu ni maagizo yaliyoandikwa na mtu kuiambia kompyuta au simu ifanye nini. Nayo ni kazi ya akili, kama wimbo.

Lakini wazo tupu halina mwenyewe. Ukitunga wimbo juu ya kuchelewa kwa mvua, huwezi kumkataza jirani asitunge wake juu ya mvua hiyo hiyo. Kinacholindwa ni maneno yako na sauti yako ulivyozipanga.

Haki hii inaanza lini? Inaanza pale pale unapoitunga kazi. Huhitaji kwanza kulipa wala kupata cheti. Ila likitokea shauri, utatakiwa uonyeshe ushahidi. Kwa hiyo andika maneno ya wimbo wako kwenye daftari, weka jina lako na tarehe. Unaweza pia kuisajili kazi yako katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ambayo watu wanaijua kwa jina la COSOTA. Usajili ni kama shahidi wako.

Na inaisha lini? Inadumu maisha yote ya mtunzi, na baada ya kufa kwake miaka 50 zaidi. Kwa mfano, mtunzi akifariki mwaka 2025, warithi wake wana haki mpaka mwaka 2075. Kama watunzi ni wawili, miaka inahesabiwa tangu kifo cha yule wa mwisho. Baada ya hapo kazi inakuwa ya watu wote. Unaona basi: wimbo unaweza kurithiwa kama shamba.

KUUZA SI SAWA NA KUKODISHA

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Hebu tuchukue mfano wa shamba.

Jirani anakuja kwako anasema, "Ndugu, nipe ekari moja nilime maharage msimu huu." Mkikubaliana, atalima, atavuna, atakulipa, kisha shamba linarudi kwako. Huko ni kukodisha. Lakini ukimuuzia ekari ile, hairudi tena. Mwakani akilima au asilime, wewe huna neno.

Kazi ya sanaa ni hivyo hivyo. Ukimpa mtu ruhusa ya kuutumia wimbo wako kwa jambo fulani na kwa muda fulani, umempa leseni. Hapa hatusemi leseni ya duka. Leseni ya hakimiliki ni ruhusa yenye masharti. Mwenye mali unabaki wewe. Lakini ukiandika kwamba umemhamishia haki zako zote, umeuza shamba.

Tuseme kwaya ya kijiji imekwenda mjini Sumbawanga kurekodi nyimbo zake. Mwenye studio anasema, "Mzee, hii ni karatasi ya kawaida tu, tia sahihi hapa tuanze kazi, muda unakwenda." Mwenyekiti wa kwaya anatia sahihi bila kusoma. Kumbe ndani imeandikwa kwamba nyimbo zote ni mali ya studio milele. Kwaya imerudi nyumbani na nauli tu.

Tufahamu pia kuwa katika wimbo uliorekodiwa mna mali mbili. Mali ya kwanza ni wimbo wenyewe, nao ni wa mtunzi. Mali ya pili ni ile sauti iliyorekodiwa. Aliyegharamia kurekodi ana haki yake hapo, na waimbaji nao wana yao. Haki hizi za waimbaji na warekodi ndizo zinazoitwa hakishiriki. Kwa hiyo mwenye studio anadai haki yake bila kosa lolote. Kosa ni kuchukua na ya mtunzi bila makubaliano ya wazi.

HABARI YA SOLOMON LINDA

Jambo hili limewapata watu kweli. Mwaka 1939, mjini Johannesburg, Afrika Kusini, mwimbaji mmoja Mzulu aliyeitwa Solomon Linda alirekodi pamoja na wenzake wimbo unaoitwa "Mbube", maana yake Simba. Wimbo ulipendwa sana. Baadaye ulifika Marekani, na mwaka 1961 ukatolewa huko kwa maneno ya Kiingereza na jina jingine. Ukaimbwa na watu wengi duniani. Mwaka 1994 ulisikika hata ndani ya filamu ya kampuni ya Disney iitwayo The Lion King.

Linda mwenyewe alipata nini? Inaelezwa kwamba haki zake zilikwenda kwa kampuni iliyomrekodi kwa malipo ya shilingi 10 tu. Alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Watoto wake wakakua katika shida, na huku wimbo wa baba yao unawapa wengine fedha nyingi.

Mwaka 2004 warithi wake walikwenda mahakamani. Wanasheria wao walitumia sheria ya zamani ya Waingereza ya mwaka 1911. Sheria ile ilisema kwamba, hata kama mtunzi ameuza haki zake, baada ya miaka 25 tangu kufa kwake haki zinarudi kwa warithi. Mwaka 2006 pande zote zilipatana. Wimbo ukatambuliwa kuwa ulitokana na "Mbube" ya Linda, na warithi wakakubaliwa kulipwa mrabaha. Mrabaha ni fungu la fedha ambalo mtunzi analipwa kila kazi yake inapotumika au kuuzwa.

Ni vizuri walipata. Lakini tangu 1962 hadi 2006 ni miaka 44. Maneno machache yakisomwa vizuri kabla ya kutia sahihi yangeweza kuwaokoa na safari hiyo ndefu.

HADITHI ZA WAZEE WETU NI ZA NANI?

Sasa turudi Ufipa. Zipo hadithi na nyimbo ambazo hakuna ajuaye nani alizitunga. Tumezipokea kutoka kwa mabibi na mababu. Je, hizo ni za nani?

Katika miaka ya 1960 mtaalamu kutoka Uingereza, Roy Willis, aliishi Ufipa akichunguza mila na masimulizi ya Wafipa. Mwaka 1978 kitabu chake cha masimulizi hayo kilichapishwa Oxford, Uingereza, kwa Kiingereza. Kinaitwa There Was a Certain Man, yaani "Palikuwa na Mtu Mmoja". Hatusemi kwamba aliiba. Kazi yake imetunza maneno ambayo pengine yangepotea pamoja na wazee waliomsimulia. Ila tuitumie habari hii kujifunza.

Tafsiri yake na maelezo yake ni kazi yake mwenyewe. Huwezi kukinakili kitabu kile na kukiuza bila ruhusa. Lakini hadithi zenyewe si zake, wala si za mtu mmoja yeyote. Ni za Wafipa. Wewe ukiisimulia leo hadithi uliyoisikia kwa bibi yako, au ukiiandika kwa maneno yako, hakuna anayeweza kukuzuia kwa sababu eti imo kitabuni.

Sheria yetu ya mwaka 1999 inazilinda pia sanaa za jadi. Mtu akitaka kuzitumia kwa kutafuta faida, nje ya mazingira yake ya mila, anatakiwa kupata idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA. Na akizichapisha, ataje zimetoka kwa watu gani au mahali gani. Kwa hiyo akija mgeni na simu yake kurekodi ngoma au ngano za wazee, tumkaribishe kwa heshima. Lakini tumwulize: Unakwenda kuzifanyia nini? Je, utaandika kwamba zimetoka Ufipa? Kama ni biashara, idhini iko wapi?

IPO RUHUSA YA BURE, NAYO INA MASHARTI

Si kila mtunzi anataka fedha. Wapo wanaopenda kazi yao ienee. Hao nao hutoa leseni, inayoitwa leseni huria. Inasema: tumia, nakili, rekebisha, wagawie wengine. Mara nyingi kuna sharti, kama vile kutaja jina la mtunzi, au kumpa mwenzako uhuru ule ule uliopewa wewe.

Leseni za namna hii zimetusaidia. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa programu ya kompyuta ya kuandikia barua na kupigia hesabu kwa Kiswahili. Iliitwa Jambo OpenOffice. Programu ya asili ilikuwa ya lugha za kigeni. Waliwezaje kuitafsiri? Kwa sababu leseni yake ilikuwa huria, iliwaruhusu kuifungua, kubadili maneno na kuigawa bure. Kwa programu nyingine nyingi za kuuzwa wasingeweza kufanya hivyo bila idhini ya kampuni.

Basi tusichanganye mambo. Kitu kupatikana bure kwenye simu hakuna maana kwamba kina ruhusa. Na kitu kuwa na ruhusa huria hakuna maana kwamba hakina mwenyewe.

NA SISI TUJITAZAME

Mara nyingi tunalalamika kuibiwa. Lakini je, sisi tunafanyaje? Siku ya mnada au gulio tunapeleka simu kibandani, tunaingiziwa nyimbo 50 kwa fedha kidogo. Mwenye kibanda amelipwa. Watunzi wa nyimbo zile hawakupata hata senti.

Sheria inamwachia mtu nafasi ya kunakili wimbo kwa matumizi yake mwenyewe. Lakini kunakili ili kuuza ni biashara juu ya mali ya mwingine, na inahitaji ruhusa. Kwaya ya Sumbawanga ikitaka kuheshimiwa Mbeya na Dar es Salaam, nayo iheshimu watunzi wa huko. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

KABLA YA KUTIA SAHIHI, ULIZA HAYA

1. Je, karatasi hii inauza haki zangu, au inatoa ruhusa tu?
2. Ruhusa ni ya jambo gani: kuuza, redio, simu, filamu, au yote?
3. Ni ya muda gani? Jihadhari na neno "milele" na maneno "haki zote".
4. Nitalipwa kiasi gani, mara moja au kwa mrabaha? Nani atahesabu?
5. Jina langu, au jina la kwaya yetu, litaandikwa wapi?
6. Nakala yangu ya mkataba iko wapi?

Kama karatasi ni ya Kiingereza, omba tafsiri. Kama huielewi, usione haya. Sema, "Naomba nikaisome nyumbani, nitairudisha kesho." Mtu mwema atakubali. Anayekataa usisome, huyo mwogope. Mwonyeshe pia Afisa Utamaduni wa halmashauri yako au mwanasheria.

Na ninyi wanakwaya, kabla hamjakwenda studio, andikeni katika daftari la kikundi nani alitunga wimbo upi, na mapato mtagawana vipi. Ugomvi mwingi wa fedha huanza ndani ya kikundi chenyewe.

Ndugu wasomaji, zamani wengi wetu tulipiga dole gumba kwa sababu hatukuwa na njia nyingine. Leo tunajua kusoma. Tusiziachie karatasi zitupite kama wakati ule.

MANENO YA KUKUMBUKA

Hakimiliki: haki ya mtunzi juu ya kazi yake.
Hakishiriki: haki za waimbaji na warekodi.
Leseni: ruhusa yenye masharti.
Mrabaha: fungu analolipwa mtunzi kazi yake inapotumika.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kuna tofauti gani kati ya kuuza wimbo na kuutolea leseni? Tumieni mfano wa shamba.
2. Katika kijiji chenu, nani anajua ngano za zamani? Nani ataziandika kabla hazijapotea?
3. Kikundi chenu cha kwaya au ngoma kikipata fedha za wimbo, mtunzi apate nini na waimbaji wapate nini? Andikeni makubaliano yenu, kila mmoja ayasome mwenyewe, kisha atie sahihi.