Roshani Ikaguliwe Kabla ya Kununua Nyumba ya Ghorofani

Anayenunua nyumba katika jengo la ghorofa hununua pia roshani yake, pamoja na kasoro zake. Kabla ya kulipa, mnunuzi azingatie mambo manne.

Kwanza, maji. Amwage ndoo moja sakafuni. Yakielekea mlangoni badala ya kwenye tundu la kutolea maji, mvua za masika zitaingia sebuleni.

Pili, zege. Atazame upande wa chini wa roshani. Nyufa zenye madoa ya kutu ni dalili kwamba nondo zinaliwa. Karibu na bahari, chumvi huharakisha uharibifu huo.

Tatu, ukingo. Usitikisike, upite kiuno cha mtu mzima, na nafasi kati ya vyuma isizidi sentimita 10, ili mtoto asipenye.

Nne, nyaraka. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu umiliki wa sehemu za jengo hutenganisha sehemu ya mmiliki na maeneo ya pamoja. Hivyo roshani ilinganishwe na ramani iliyosajiliwa. Ikiwa imezibwa kwa vioo au matofali ikawa chumba, muuzaji aonyeshe kibali cha ujenzi. Kikikosekana, gharama za kubomoa zaweza kumwangukia mnunuzi.