Mwasumini na Kisu cha Kuupogolea

Katika miji ya pwani, tangu Lamu mpaka Vanga, mwasumini hupandwa uani karibu na nyumba. Ua lake ni dogo na jeupe, lakini harufu yake jioni huenea nyumba nzima. Wanawake hutunga maua hayo makoja, au huyatia katika vikuba pamoja na rehani. Na siku za arusi hutakiwa kwa wingi. Kwa hiyo mwasumini si pambo tu. Mwenye kuutunza vema aweza kupata fedha kidogo za matumizi ya nyumbani.

Asili ya mti huu ni nchi za Bara Hindi. Ni nadra kuzaa mbegu, kwa hiyo hupandwa kwa vipandikizi. Mpandaji na achague tawi lisilo changa sana wala gumu sana, alikate vipande vya inchi 6, aondoe majani ya chini, kisha avichomeke katika mchanga wenye unyevu mahali penye kivuli. Vikipata maji kidogo kila siku, huanza kutoa mizizi baada ya majuma machache.

Shimo la kupandia liwe la futi 1 na nusu, na udongo wake uchanganywe na samadi iliyooza. Mahali hapo pasituame maji, maana mizizi huoza. Tena papate jua kwa muda wa nusu ya siku au zaidi. Mwasumini hupenda joto. Katika nchi za juu zenye baridi maua yake huwa machache, na huko yafaa kuupanda kando ya ukuta unaopigwa na jua.

Sasa lipo kosa moja linalowapata wengi. Mti ukisha kustawi, mwenyewe huona huruma kuukata. Mwaka wa kwanza hupata maua tele. Baadaye matawi hurefuka na kusongamana, na maua hupungua. Hapo hulaumu udongo, au husema mti umezeeka. Sababu hasa ni kwamba maua ya mwasumini hutoka katika machipukizi mapya, na tawi kuukuu lisipokatwa halichipui sana. Kwa hiyo, kila maua yanapokwisha, yapasa kuondoa matawi makavu na kupunguza yaliyosalia kwa kadiri ya theluthi moja, kwa kisu kikali. Kisha mti utiwe samadi na maji. Lakini usikatwe ukiwa na vikonyo, maana hayo ndiyo mavuno yenyewe.

Maua huchumwa alasiri, yakiwa bado yamefumba lakini yamejaa na kuwa meupe. Hufunguka usiku, na harufu yake huwa kali wakati huo. Yakiachwa mtini mpaka kesho yake, huanguka chini, wala hayana mnunuzi.