Umeshindwa kesi? Anza kuhesabu siku

Hukumu ikisomwa ukaona umeonewa, kabla ya kutafuta wakili andika tarehe. Kwa Tanzania, anayepinga hukumu ya Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Uamuzi wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa shauri lililofunguliwa hapo, hukatiwa rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Tuzo ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika mgogoro wa kazi haikatiwi rufaa. Huombewa mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki sita tangu ukabidhiwe.

Wengi hukwama kwenye nakala ya hukumu. Rufaa ya kutoka Mahakama ya Mwanzo hailazimu kuambatanishwa nakala, kwa hiyo kukaa ukiisubiri si utetezi. Kwa hukumu za Mahakama ya Wilaya, muda wa kusubiri nakala hutolewa kwenye hesabu, ila omba kwa barua na ubaki na kopi yenye mhuri wa kupokelewa. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini utadaiwa maelezo ya kila siku iliyopita. Kusema uliuguza mtu bila karatasi ya hospitali hakutakufikisha mbali.

Rufaa si kesi kuanza upya. Kwa kawaida mashahidi hawaitwi tena. Jaji husoma mwenendo ulioandikwa kule chini, na ambalo halimo humo ni kama halikusemwa. Ndiyo maana “sikuridhika na hukumu” si sababu ya rufaa. “Hakimu alimkataa shahidi wangu wa pili bila kueleza kwa nini” ni sababu, maana jaji anaweza kufungua ukurasa akaona.

Mahakama ya juu huweza pia kukamata kasoro ambayo hakuna aliyeilalamikia. Mashauri mengi ya ardhi yamefutwa kwa kuwa maoni ya wazee wa baraza hayakusomwa mbele ya wadaawa. Aliyeshinda akajikuta anaanza moja.

Na kukata rufaa peke yake hakuzuii hukumu kutekelezwa. Kusimamisha utekelezaji ni ombi la peke yake. Lipeleke mapema, kabla dalali wa mahakama hajaja kuorodhesha mali.