Mgonjwa Aliyetaka Kwenda Kuwinda

Katika somo la leo tutazungumza juu ya mgonjwa ambaye waganga wamesema hawezi kupona. Wagonjwa wa namna hii wapo katika vijiji vyetu vyote. Tunajua kuwazika. Tunachanga fedha, tunapika, tunakaa matanga. Lakini kabla ya siku hiyo, mgonjwa akiwa bado yu hai na anatutazama, wengi wetu hatujui tumfanyie nini. Mimi pia sikujua.

Nitaeleza habari za rafiki yangu mmoja wa hapa kata ya Rungwe Mpya, wilaya ya Kasulu. Jina lake siliandiki, maana jamaa zake wapo. Alikuwa mwanakisomo wangu. Alianza kusoma akiwa na umri wa miaka 54, kwa sababu alichoka kuweka dole gumba kila anapopewa karatasi. Mimi nilimwita mzee, yeye aliniita mwalimu, ingawa kwa mambo ya porini yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wangu. Zamani, katika ujana wake, aliwinda kwa mbwa na mkuki. Alipoacha mkuki akashika mizinga ya nyuki.

Ugonjwa wake ulianza kidogo kidogo. Ugali wa muhogo ulikwama, akawa anausukuma kwa maji. Baadaye ugali ukamshinda, akabaki na uji. Alipofika hospitali waliona ni saratani ya umio. Umio ni njia inayopitisha chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Saratani ni ugonjwa ambao chembe za mwili huongezeka ovyo, zikafanya uvimbe. Saratani hii ya umio imewapata watu wengi katika Afrika Mashariki, na mara nyingi hugunduliwa wakati umekwisha kupita. Kwa hiyo, msomaji, chakula kikikukwama mara kwa mara usingoje miezi sita kama alivyongoja yeye. Nenda ukapimwe.

Aliporudi nyumbani mwezi wa Aprili nilikwenda kumwona. Tulisalimiana kwa makofi, kama ilivyo desturi ya Waha. Mikono yake ilikuwa imebaki mifupa. Nikamwambia, "Mzee, utapona tu." Hakunijibu. Nilirudi kesho yake nikasema vilevile. Siku ya tatu akaniambia, "Mwalimu, daktari amenieleza. Mimi ninakufa. Sasa wewe ukisema nitapona, habari za mizinga yangu na madeni yangu nitazungumza na nani?"

Nilipata aibu. Ndipo nikamwuliza swali ambalo ningemwuliza siku ya kwanza: "Mzee, unataka nini?"

Akasema, "Nataka kwenda kuwinda. Mara moja tu."

Nikadhani ni maneno ya homa. Kumbe hapana. Alikwisha kupanga moyoni hata njia ya kupita.

Kwanza nilikwenda kumwuliza ofisa wa wanyamapori. Yeye alinieleza vizuri. Nchini mwetu mtu haruhusiwi kuwinda mnyama wa porini bila leseni. Sheria inayotumika ni ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1974. Nayo bunduki, hata gobore la babu, ina kibali chake. Leseni haitolewi kwa huruma, na rafiki yangu hakuwa na miezi ya kungoja. Nikarudi na jibu hilo nikiwa mnyonge. Yeye akacheka kidogo, akakohoa, kisha akasema, "Basi tuwinde asali. Asali nayo huwindwa." Msitu tuliokusudia ni wa kijiji, tukaomba ruhusa kwa serikali ya kijiji, tukapewa.

Jambo la pili lilikuwa maumivu. Mtu mwenye maumivu makali hawezi kuwinda chochote. Hata kuongea hawezi. Kule hospitali walikuwa wamempa dawa ya maji iitwayo morfini, lakini ndugu zake waliificha juu ya kabati. Waliambiwa na jirani kwamba ni dawa ya kulevya na kwamba inaua. Yafaa tulieleze jambo hili sawasawa. Morfini hutokana na utomvu wa mmea unaotoa afyuni. Ni kweli mtu akiitumia ovyo italeta madhara makubwa, na ndiyo sababu inatunzwa kwa sheria kali. Lakini mgonjwa wa saratani akipewa kwa kipimo cha mganga, inamwondolea maumivu, wala haiharakishi kifo chake. Siku za kwanza huleta usingizi. Huleta pia kufunga choo, kwa hiyo mganga hutoa na dawa ya kulainisha choo.

Huduma ya kumtuliza mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi huitwa tiba shufaa. Wenzetu wa Uganda wametangulia katika jambo hili. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha huko Kampala shirika la Hospice Africa Uganda, nao wakawa wanachanganya unga wa morfini na maji ili mgonjwa ainywe nyumbani kwake. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi waliofunzwa kazi hiyo waandike dawa hii, maana madaktari hawatoshi vijijini. Kwetu Tanzania huduma hii ipo katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na katika hospitali nyingine kadhaa. Mwenye mgonjwa wa saratani aulize hospitali ya wilaya yake: "Je, dawa ya maumivu ya maji mnayo? Kama hamna, nitaipata wapi?" Asione haya kuuliza.

Basi chupa ikashushwa kutoka juu ya kabati. Na hapa kisomo kilifanya kazi. Rafiki yangu alikataa kupewa dawa na mtu mwingine. Alisoma mwenyewe karatasi ya chupa. Alichukua daftari lake la kisomo akaandika: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Kila akinywa, anaweka alama. Baada ya siku nne alilala usiku kucha. Mkewe aliniambia kwamba ule ulikuwa usiku wa kwanza kwake kusikia mvua badala ya kilio.

Lakini mkewe alikataa safari. Alikataa mara mbili. Alisema, "Akifia porini, watu watasema nilimtupa." Kaka wa mgonjwa naye alitaka tuuze ng'ombe tumpeleke mgonjwa hospitali nyingine, mbali. Tulikaa kikao jioni nzima. Mimi sikuwa na la kusema, kwa maana kama angefia njiani lawama ingeniangukia mimi pia, mtu wa serikali. Mwishoe mgonjwa mwenyewe akasema kwa sauti ndogo, "Ng'ombe ni wa ada ya mtoto. Na kama nikifia msituni, mwalimu ataandika kwamba nilitaka mwenyewe." Nikaandika. Akatia sahihi kwa jina lake kamili, wala hakuweka dole gumba. Mama alichukua karatasi ile, akaitazama kwa muda mrefu, akaifunga ndani ya khanga. Kesho yake alianza kushona mto wa kukalia.

Tuliondoka siku moja ya Juni, alfajiri. Baridi ya milima yetu mnaijua. Tulikuwa watu sita wa darasa, pamoja na kijana wake. Nusu saa kabla ya kuondoka alikunywa dawa, kama mganga alivyotushauri, ili ifanye kazi kabla ya mtikisiko. Tulimweka juu ya baiskeli yenye mto, tukaisukuma mpaka mwisho wa njia. Kutoka hapo tukambeba kwa machela ya miti na blanketi. Pikipiki tulikataa, kwa sababu inatikisa mno.

Katika miombo akatuambia tunyamaze. Akapiga mluzi wake, mrefu kisha mfupi mfupi. Tulingoja mpaka mimi nikakata tamaa. Ndipo akaja ndege mdogo wa kijivu, mwenye mlio kama kiberiti kinachotikiswa. Huyu ni mlembe, ndege anayeongoza watu kwenye asali. Huruka mti kwa mti, manyoya meupe ya mkia yakionekana, kisha humngoja mtu. Yeye anataka nta na watoto wa nyuki, lakini hawezi kuvunja mzinga. Watu wanataka asali, lakini hawajui iliko. Kwa hiyo husaidiana. Msidhani ni hadithi za wazee tu. Mwaka 1989 Mkenya Hussein Isack na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walitoa utafiti wao wa kaskazini mwa Kenya, kwa Waborana. Mtafuta asali bila ndege alitumia wastani wa karibu saa 9 kupata nyuki. Aliyeongozwa na ndege alitumia saa 3 na kidogo. Tena utafiti wa Niassa, Msumbiji, uliotolewa mwaka 2016, ulionyesha kwamba mtu akitumia mwito ambao Wayao wa huko humwitia ndege huyu, nafasi ya kupata nyuki huongezeka zaidi ya mara tatu. Rafiki yangu hakuwa amesikia habari za wataalamu hao. Nilipomsomea alisema tu, "Wamechelewa."

Tulimfuata ndege yule kiasi cha saa moja. Mgonjwa ndiye aliyetuongoza akiwa amelala: "Kushoto. Simameni. Amenyamaza, basi yupo karibu." Nyuki walikuwa ndani ya mtundu wenye tundu. Tulimweka mzee mbali, hatua 50, upande upepo unakotoka. Nyuki akikupiga, au ukimponda, hutoa harufu kama ya ndizi mbivu inayowaita wenzake, kwa hiyo usipige mikono ovyo. Kijana wake alitaka kukata mti. Baba akamkaripia kwa sauti ambayo sikudhani bado anayo. Mti ukikatwa, mwakani huna asali. Tukatumia moshi wa majani, tukapanua tundu kidogo, tukatoa masega ya asali na kuacha yale yenye watoto. Kipande kimoja cha nta tulimwekea ndege juu ya gogo. Moto tuliuzima kwa udongo, maana nyasi zilikwisha kukauka.

Ugali ulikuwa umemshinda tangu mwezi wa Pili, lakini asali ilipita. Tuliichanganya na maji ya vuguvugu, akanywa vijiko vitatu, akapumzika, akaomba cha nne. Mimi niliumwa na nyuki mara saba. Jambo hilo lilimfurahisha kupita kiasi.

Tulifika nyumbani kabla ya jua kuzama. Alikuwa amechoka sana, akalala siku mbili. Mkewe alinikasirikia siku hizo mbili, na sikumlaumu. Siku ya tatu aliamka, akawaita watoto, akawagawia mizinga yake mmoja mmoja, akataja na madeni. Aliishi siku 23 baada ya safari ile. Alifia nyumbani, usiku, mkewe akiwa amemshika mkono. Katika daftari lake, chini ya tarehe ya safari, alama za dawa zipo zote tano, na pembeni ameandika kwa herufi kubwa: ASALI NZURI. MWALIMU ANAOGOPA NYUKI.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

Kwa nini mgonjwa hakutaka kuambiwa kwamba atapona? Ndugu zake waliificha dawa kwa sababu gani, na wewe ungewaeleza nini? Mkewe alikataa safari mara mbili, je, alikosea? Katika kijiji chako yupo mgonjwa wa namna hii: ni nani amemwuliza anataka nini?